Besi ya roki: tablacha au sikio?

Ukijifunza gitaa la besi, tablacha (wimbo ulioandikwa kwa mistari na namba) ni rahisi kuanza nayo: mistari minne, mmoja kwa kila uzi, wa chini kabisa ukiwa uzi mnene wa E, na namba ni freti (nafasi kwenye shingo ya gitaa) ya kubonyeza, 0 ni uzi mtupu. Chapisha kwenye saiba ya mtaani, na stima ikipotea bado unafanya mazoezi. Kasoro yake ni mapigo: tablacha nyingi hazionyeshi noti idumu kwa muda gani, nawe unapiga namba sahihi lakini wimbo hautoki.

Sikio, yaani kusikiliza wimbo na kutafuta noti mwenyewe, huchelewa, na spika ya simu humeza besi. Vaa hedifoni, punguza kasi ya wimbo hadi 0.75, kisha utafute noti ya msingi ya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja).

Una shoo Westlands wiki ijayo? Tablacha. Unapiga kanisani Kayole, ambako mwimbaji hubadilisha kii (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) ghafla? Sikio.