Ukinunua gari mwisho wa reli, anza na tairi la spea

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa huku Kigoma siku hizi yanafanana. Mwalimu mmoja wa Kasulu kanunua Toyota IST safi, rangi haina mkwaruzo, AC inapuliza, redio bado inaongea Kijapani. Kapata pancha akitokea Heru Juu, kainua kapeti ya buti, kakutana na tairi jembamba kama la toroli. Mwingine wa Uvinza hata hilo hakulikuta. Kulikuwa na chupa ya gundi na kipampu cha umeme, na gundi yenyewe imeshaganda.

Kwa hiyo leo sigusi ulaji wa mafuta wala ukubwa wa injini. Hayo dalali atakuimbia bila kuombwa.

Lile tairi jembamba limeandikwa ubavuni: mwisho kilomita 80 kwa saa, upepo 60 PSI, yaani karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Fundi pancha wa kijijini analijaza 30 kama mengine, nawe unaondoka nalo limelala. Lilitengenezwa likufikishe gereji ya jirani huko Japani, kwenye lami. Ukiwa porini kati ya Uvinza na Kaliua, gereji ya jirani ni ipi? Na kama gari linavuta miguu yote minne, tairi moja likiwa na kimo tofauti na wenzake unaitesa difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, na kuitengeneza ni hela ya ng'ombe kadhaa.

Halafu umri. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizozungushiwa: 2308 ni wiki ya 23 ya mwaka 2008. Tairi zile nne za chini dalali kashaweka mpya ili zing'ae kwenye picha. La spea mara nyingi ni lile lile lililotoka na gari kiwandani.

Kabla sijapanga magari, neno kwa watu wa mjini. Kama maisha yako ni Mwanga, Gungu, Ujiji na kurudi, gari la nini? Daladala zipo, bajaji zipo, bodaboda inakushusha mlangoni. Ukienda Tabora au Dar, reli iko hapa tangu 1914. Gombe ndiyo usiseme: hata uwe na V8 utaiacha Kibirizi upande boti. Gari ni la afisa kilimo, nesi wa zahanati, mama anayekusanya mawese na maharage vijijini, mtu ambaye asipofika yeye hakuna daladala ya kumfikisha.

Namba moja: Suzuki Escudo ya kabla ya 2015. Nasema wazi, mimi ni mtu wa Suzuki, na mashabiki wa Toyota wataninunia. Spea iko mgongoni, kimo kamili, rimu sawa na nyingine. Pancha ukiipata na buti imejaa magunia, hushushi hata gunia moja. Kwenye gari la spea ya ndani utamwaga maharage yote barabarani kwanza, tena usiku. Yale ya kabla ya 2005 yana chesisi kama ya lori na gia nzito ya kupandia milima ya Buhigwe masika. Vipuri ni vigumu kidogo kuliko vya Toyota, kweli, na mlango wa nyuma huchoka bawaba kwa kubeba lile tairi. Bawaba inabadilishwa. Jambo moja tu: wezi wanaipenda hiyo spea, kwa hiyo weka nati ya kufuli.

Namba mbili: RAV4 ya kabla ya 2013. Baada ya hapo Toyota wakaiondoa spea mlangoni, sijui nani aliwaomba. Hata za zamani zikague kwa macho yako, ziko zilizotoka bila spea mgongoni.

Namba tatu: Toyota Rush ya zamani, pacha wa Daihatsu Terios. Spea mgongoni, nyembamba ya kupita njia za mashambani. Watu wanne wenye mizigo wanabanana.

IST, Vitz, Passo. Bei rahisi. Tafuta rimu ya matundu yanayolingana na ya gari lako, yenye tairi kamili, itupie kwenye buti, usahau habari ya mizigo.

Pikipiki: nafuu kuliko zote, masika utalowa.

Sasa wauzaji. Kodi naijua: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likizidi miaka kumi uchakavu asilimia 30. Najua pia kutoka bandarini hadi huku ni zaidi ya kilomita elfu moja. Bei ikipanda kwa hayo, sinung'uniki. Ninachouliza ni hivi: jeki, spana ya nati na spea vinashukia kituo gani? Yadi moja nilikuta Rush, mfuniko wa spea uko mgongoni, umefutwa unang'aa, nikaugonga ukalia mtupu. Kijana akanijibu bila aibu, "Dada, spea inauzwa kivyake." Nikamuuliza na usukani je? Akacheka, akaniambia bei ya spea, na ilikuwa juu kuliko ya dukani.

Kwa hiyo kwenye hati ya mauziano andikisheni spea, ukubwa wake na mwaka wake, jeki na spana, mwenye yadi asaini, ndipo utoe hela. Akikataa kusaini, mwulize anakataa nini hasa.