Moldi ya Nani, Sura ya Nani? Stormtrooper wa Retro Collection Mezani

Habari zenu wadau, karibuni tena mezani. Kabla sijaifungua kadi hii mpya, naomba tuanze na mguu wa huyu mzee hapa, mdoli wangu wa zamani wa stormtrooper, yule askari wa mavazi meupe wa filamu za Star Wars. Ngoja nimsogeze kwenye kamera... hapo, nyuma ya paja. Mnaona maandishi? Ni madogo kama punje za ufuta, lakini yanasomeka: G.M.F.G.I., halafu 1977. Jina la filamu halipo. Jina la mwenye filamu halipo pia. Hizo herufi ni za General Mills Fun Group, Inc. Ndiyo, General Mills hao hao wa unga na nafaka za kifungua kinywa kule Marekani. Wakati ule walikuwa wanamiliki Kenner, watengenezaji wa midoli wa Cincinnati, Ohio, ambao ndio waliochukua leseni ya Star Wars.

Sasa ukishika visanamu vilivyobuniwa kwa ajili ya filamu ya pili, vya 1980, utakuta herufi zimebadilika. Vimeandikwa L.F.L., yaani Lucasfilm Ltd. Kampuni ni ile ile, kimo ni kile kile cha inchi 3.75, plastiki ile ile. Aliyebadilika ni mtu anayetaja hakimiliki kwenye mguu wa mdoli. Mimi jambo hili linanisisimua kuliko rangi na bunduki zote, maana ndani ya miaka mitatu unaona mwenye filamu anaweka jina lake mahali ambapo palikuwa na jina la mwenye kiwanda.

Nimelianzia hapo makusudi. Kila tunapokutana wakusanyaji hapa Leicester, Uingereza, kwenye minada na masoko ya midoli ya zamani, mabishano ni yale yale: aliye na moldi ya kale, ile kalibu ya chuma yenyewe, ana haki ya kuendelea kuzalisha? Wengi wanajibu haraka kwamba chuma ni chake, kwa hiyo mdoli ni wake. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na leo nataka tulivunje taratibu huku tukimkagua huyu askari mpya wa kampuni ya midoli ya Hasbro.

Haya, nafungua. Hii ni Retro Collection, mfululizo ambao Hasbro waliutoa mwaka 2019. Kadi ina nembo ya Kenner, na imechapwa mikwaruzo na michubuko ya kuigiza ili ionekane imekaa dukani miaka arobaini. Hiyo sikuipenda. Kadi iachwe ichakae yenyewe. Geuza nyuma: Lucasfilm wapo, Hasbro wapo. Soma hapo kabla hujamtoa mdoli, maana hapo ndipo unapojua nani ana sura, yaani haki ya mhusika, na nani ana kiwanda. Hasbro waliipata Kenner mwaka 1991 walipoinunua kampuni ya Tonka, iliyokuwa imeichukua Kenner miaka michache kabla. Lucasfilm nayo ilinunuliwa na Disney mwaka 2012. Kwa hiyo askari huyu wa sentimita tisa na nusu amebeba mgongoni koo mbili za kampuni, na kila ukoo una kipande chake.

Na huyu hapa ametoka. Nawaweka bega kwa bega na mzee wa 1977. Urefu ni sawasawa, mistari ya kifuani iko mahali pake, mikono na miguu inacheza kwenye bega na nyonga kama zamani. Weupe wake ni wa maziwa, wakati mzee wangu ameshaanza manjano kifuani na miguuni, ugonjwa wa plastiki nyeupe za miaka ile. Plastiki mpya naiona laini kidogo kwenye mkono. Bunduki inakaa vizuri kiganjani. Na moldi hii ni mpya. Hasbro hawakufungua stoo wakakuta chuma cha 1977 kinawasubiri. Ilibidi umbo lichukuliwe kutoka kwa visanamu vya zamani na moldi itengenezwe upya.

Kwa wasiowahi kuona kazi hii: moldi ni vipande vya chuma vinavyokutana, vimechongwa ndani kinyume cha mdoli. Plastiki iliyoyeyuka inasukumwa humo kwa nguvu, inapoa, vipande vinaachana, pini zinamsukuma mdoli nje. Kuchonga kile chuma ndiyo gharama kubwa ya kazi nzima. Na mdoli mmoja aliweza kuwa na seti zaidi ya moja, viwanda tofauti, ndiyo maana miguu ya visanamu vya Kenner inatofautiana: huyu ameandikwa Hong Kong, yule Taiwan, mwingine hana nchi kabisa. Sasa mwambie anayesema "moldi ni yangu" akuoneshe ni ipi.

Huyu wa tatu ndiye aliyenigombanisha na watu. Nilimkuta ndani ya furushi la midoli kuukuu nililonunua kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba vyote ni orijino. Mguuni hana kitu, pamelainishwa. Tazameni ninapomsimamisha na mzee: ni mfupi kwa unywele. Ukimchukua mdoli aliyekwisha kutengenezwa, ukapiga chapa ya moldi kutoka mwilini mwake bila kufidia, anayezaliwa hutoka mdogo, kwa sababu plastiki husinyaa inapopoa. Kingo zake pia zimefifia, macho ya helmeti hayana ule mkato. Bunduki yake niliitia kwenye glasi ya maji, ikazama. Za asili nyingi huelea. Kipimo hicho peke yake kisikuridhishe, kwa sababu siku hizi zipo feki zinazoelea, lakini ikizama uliza maswali. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimelipa bei ya mdoli wa kweli, na muuzaji alikataa kurudisha pesa.

Sasa mabishano yenyewe. Kila nikisema leseni ni muhimu, kuna mtu ananitajia Andrew Ainsworth. Ainsworth ndiye fundi wa Uingereza aliyetengeneza helmeti za stormtrooper za filamu ya kwanza, kwa kuvuta plastiki iliyopashwa moto juu ya kalibu. Mwaka 2004 akaanza kuuza nakala kwa umma, na nyingine zikaenda Marekani. Lucasfilm wakamshitaki California, wakapata hukumu ya dola milioni 20 mwaka 2006, kisha wakamfuata nyumbani. Kesi ilipanda kutoka Mahakama Kuu mwaka 2008 hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyotoa uamuzi wake Julai 27, 2011. Lucasfilm walishindwa kwenye hoja ya hakimiliki ya Uingereza.

Hapo ndipo watu wanaposimama kusoma, wanaruka kwa furaha: "Umeona? Mwenye moldi kashinda!" Hapana, ndugu zangu. Mahakama haikusema hivyo hata kidogo. Hoja ilikuwa kama helmeti ile ni kazi ya uchongaji, yaani sanamu kwa maana ya sheria. Majaji wakasema siyo. Ni kifaa kilichotumika kutengenezea filamu, na kazi ya sanaa ni filamu yenyewe. Kwa kuwa siyo sanamu, haipati ulinzi mrefu wa msanii. Inapata ule mfupi wa usanifu wa kiwandani, miaka 15, nao ulikuwa umekwisha zamani. Mahakama Kuu ilikuwa imeshavitazama hata visanamu vya kuchezea vya stormtrooper, ikasema navyo si sanamu kisheria, kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya mchezo.

Na dai la Ainsworth kwamba hakimiliki ya helmeti ni yake? Lilikataliwa tangu Mahakama Kuu. Kalibu alikuwa nazo, alivuta plastiki, vifaa alikuwa navyo, na bado jaji alisema kama hakimiliki ingekuwepo, isingekuwa yake, kwa maana kazi aliifanya kwa ajili ya filamu ya mwenzake. Tena Mahakama ya Juu ilisema nakala alizouza Marekani zinaweza kumshitakisha hapa hapa Uingereza kwa sheria ya Marekani. Kwa hiyo kwa kalibu zile zile, hakimiliki ya Uingereza ikamwacha huru na California ikamtia hatiani. Moldi haikuamua lolote. Kilichoamua ni nchi unayouzia na jinsi sheria yake inavyoliita lile umbo.

Mfano mwingine ambao naupenda ni mdoli aitwaye Vlix. Kenner walimbuni kwa ajili ya midoli ya Droids, katuni ya Star Wars ya 1985, lakini mauzo yakalegea na Marekani hakutoka. Akatokea Brazili, kwa kampuni ya Glasslite, iliyokuwa na leseni yake. Leo ni miongoni mwa visanamu vinavyosakwa sana kwenye mfululizo mzima. Pembeni yake weka visanamu vya Uzay vya Uturuki vya miaka ya themanini, vilivyotengenezwa bila leseni, na majina ya ajabu kama Blue Stars. Navyo vinauzwa kwa fedha nyingi, na ninawaelewa wanaovipenda. Ila muuzaji wa Uzay anakuambia ni Uzay. Hajafuta mguu akakuambia ni Kenner. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa kuliko leseni yenyewe.

Nirudi kwenye bidhaa. Kama unataka stormtrooper wa kushika, wa kumpanga na wenzake rafuni, nunua huyu wa Retro. Alipotoka alikuwa karibu dola 10. Kwa bei hiyo rangi ni safi, umbo ni aminifu, na mrabaha umemfikia mwenye sura. Ukiuziwa mara tatu ya hapo, subiri. Kama unataka wa 1977, basi mkague mguu kabla ya uso. Omba picha ya maandishi, omba apigwe picha amesimama na mwingine unayemfahamu, na bunduki ipigwe picha peke yake. Muuzaji akikwambia "ametoka kwenye moldi ya asili ila hana alama," mwulize moldi hiyo aliipata wapi na nani alimruhusu kuitumia. Ni maswali mawili, asikujibu moja ukaridhika.

Huyu asiye na jina namwekea kibandiko cha "nakala" chini ya unyayo, ili hata nikifa asije akauziwa mtu kwa uongo. Huyu mpya mtoto wa dada yangu amemsubiri tangu asubuhi, yuko mlangoni pale. Haya, njoo baba, mchukue.