Ukanda Uliofyekwa au Ua wa Mkonge: Kipi Kizuie Moto Shambani?

Kila kiangazi kinapokausha nyasi za tambarare ya Moshi, mabishano haya hurudi. Ukanda uliofyekwa na kulimwa hadi udongo ubaki mtupu hufanya kazi siku hiyohiyo, ilhali mkonge huhitaji miaka kadhaa kabla majani yake manene yenye maji hayajashonana.

Kwa gharama, mkonge huanza kwa urahisi kwa kuwa vichipukizi hupatikana kwa jirani, lakini ukanda hudai vibarua kila mwaka, na mwenye kuchelewa hadi Septemba hulipia uzembe wake. Hata hivyo, ua nao si wa kupandwa na kusahauliwa: majani makavu yasipokatwa chini yake, huwa kuni tayari. Kwenye mteremko ningesita kulima ukanda mtupu, kwani mvua za masika huuchukua udongo.

Upepo mkali hurusha cheche juu ya vyote viwili. Mwenye shamba la kukodi na afyeke. Mwenye ardhi yake apande mkonge, huku akifyeka ukanda hadi ua ukomae.