Besdei ya arobaini ya mume wangu, dabi, na yule kijana wa "si mpira tu?"

Naandika nikiwa nimepoa. Mngenikuta wiki ileile, hapa mngesoma matusi.

Mume wangu katimiza miaka arobaini. Ni Yanga. Sio Yanga wa kuvaa jezi siku ya ubingwa, ni Yanga wa kususa chakula. Timu ikifungwa, ubwabwa unalala kwenye hotipoti mpaka asubuhi. Mimi ni Simba, nimeurithi kwa baba, na ndani ya nyumba tumewekeana mipaka: siku ya mechi rimoti haishikwi na mtu, na lile neno "utopolo" la kuwatania Yanga halitamkwi mbele ya watoto. Kwa hiyo mkiona mtu wa Msimbazi anamlipia mtu wa Jangwani akaangalie dabi, hayo ni mapenzi, msitafute jina lingine.

Zawadi nyingine nilishazipitia zote. Saa anayo, haivai. Mbuzi tungemla na majirani halafu kesho yake anaamka mtupu. Jezi ana kabati zima, nyingine hata mbu wamezizoea. Shemeji yangu mmoja, mwenye mawazo makubwa na mfuko mdogo, akashauri tumpeleke London akaione Arsenal. Nikapiga hesabu ya viza, ndege na pa kulala, nikafunga daftari. Ikabaki dabi. Uwanja wa Mkapa, VIP, mimi na yeye tu, watoto kwa bibi yao.

Ndipo nikawaona hawa jamaa Instagram. Jina siwatajii, maana hata kutukanwa ni kutangazwa. Kazi yao ni kuandaa siku maalumu: wanakufuata nyumbani na gari, mnapewa chakula cha mchana, keki, mpiga picha, na tiketi za VIP zimeshaingizwa kwenye kadi, nyie mnaingia tu kama wageni wa heshima. Laki tatu na nusu kwa watu wawili. Ndiyo, najua ukienda mwenyewe haifiki hata nusu. Dada yangu kashaniambia, mama kashaniambia, na mume mwenyewe kaniambia. Nilinunua kutokuwaza. Mtu anayelea watoto watatu huku anakwenda kazini ana haki ya kununua kutokuwaza siku moja kwa mwaka.

Sasa besdei yake ni mwanzoni mwa Machi, na dabi ilikuwa tarehe 8 Machi. Mkono kwa mkono. Yaliyotokea mnayajua. Usiku wa kuamkia mechi Simba yangu ikatoa tamko kwamba imezuiwa kufanya mazoezi pale uwanjani, kwa hiyo haichezi. Kesho yake mechi ikaahirishwa. Baba watoto alikuwa ameshavaa. Alikaa sebuleni na jezi yake mpaka magharibi, kila nikipita ananitazama kana kwamba lile tamko nimeliandika mimi jikoni. Baadaye Yanga nao wakaja na "hatuchezi" yao, tarehe zikapangwa na kupanguliwa, ikafika mwisho wa Juni ndiyo ikachezwa.

Hapo katikati niwape haki yao: hawakunisumbua. Wakasema hela yako ipo, tunahamisha tarehe tu. Nikawasifu kwa mawifi. Nikawaletea na wateja wawili, Mungu anisamehe.

Siku yenyewe gari lilichelewa, chakula kilikuwa wali kuku wa kwenye boksi, keki ilikuwa nzuri. Narudia, keki ilikuwa nzuri kweli, ina ladha ya ndizi, na aliyeipika kama anasoma hapa namwambia ahame kwa hao watu. Mpiga picha alipiga picha sita akasema betri imeisha. Yote hayo nilimeza. Siku hiyo Yanga wako mbele kwa pointi moja, mechi ya mwisho ya ligi, kombe liko njiani, nani ana muda wa kugombana na betri?

Foleni ya Mandela ilitushinda, tukashuka tukatembea. Mume wangu anatembea kama anaenda kuposa. Jezi yake mgongoni nilimwandikishia 40. Kijana wao, aliyevaa fulana ya kampuni na miwani, akatukabidhi kadi mbili akasema, "Mkifika getini mnagusisha tu, bosi, kila kitu kipo humo." Akageuka, anawahi wateja wengine.

Tukagusisha. Taa nyekundu.

Mume akaipangusa kadi kwenye suruali, akagusisha tena. Nyekundu. Akaigeuza. Nyekundu. Yule dada wa getini, mpole kabisa, wala sina neno naye, akasema, "Mama, hizi kadi hazina tiketi." Mashine haikuwa na kosa. N-Card, hiyo kadi ya kuingilia uwanjani, inafanya kazi yake: ukiweka tiketi inaonyesha tiketi, usipoweka inaonyesha hujaweka. Nyuma watu wanapiga kelele, "Wazee, sogeeni pembeni!" Wazee! Mtu ana arobaini na miezi michache.

Tukasogea. Nikapiga simu. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Nilipiga simu mara kumi na mbili, nilizihesabu baadaye usiku nikiwa sina usingizi. Wakati huo ndani timu zinaingia, uwanja unaunguruma, ukuta wa geti unatetemeka mpaka kwenye soli za viatu. Mume wangu kasimama, kadi mkononi, kichwa kakiinamisha upande mmoja kama daktari anayesikiliza kifua. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Simu ya kumi na tatu ikapokelewa na kijana wao. Nikaeleza. Akasema ni mtandao. Nikamwambia mtandao gani, watu wanaingia mbele yangu na mtandao huohuo. Akasema anashughulikia. Nikamwambia mpira umeanza. Ndipo akanijibu hivi, kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu:

"Dada'angu, punguza presha. Si mpira tu? Marudio yapo."

Jamani.

Nimeambiwa mengi na watoa huduma wa mji huu. Fundi cherehani alishaniambia nimenenepa ndiyo maana gauni halijatosha. Fundi bomba alishaniambia maji yana tabia yake. Lakini "si mpira tu"? Kijana, wewe unauza mpira! Huna bidhaa nyingine! Ungekuwa muuza mbaazi ungeniambia "si mbaazi tu"? Na marudio. Mtu kasubiri kuanzia Machi mpaka Juni, kavaa, kavua, kavaa tena, unamwambia marudio yapo. Nadhani ningesamehe tiketi. Uzembe wa tiketi ni uzembe, unatokea. Lile neno halisameheki, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika, msije mkadhani ni hela.

Nilikata simu nikawa nalia. Ndiyo, nililia, pale nje, Simba mzima nalilia mechi ya Yanga.

Sasa pembeni ya barabara kulikuwa na mzee anauza mihogo ya kukaanga, na kidogo kando ya karai kaegesha redio ya betri, antena imefungwa waya. Wamemzunguka watu kama kumi na tano, wasio na tiketi na waliokosa kama sisi. Mume wangu akanishika mkono, "Twende kwa mzee." Tukaenda. Akachuchumaa palepale kwenye vumbi na suruali niliyompigia pasi mwenyewe. Mihogo ya buku mbili, kachumbari, pilipili ya kuunguza masikio. Mtangazaji anakimbia, na hapa nje tunapata vitu viwili: sauti ya uwanja inafika kwanza, maneno ya redio yanafuata nyuma kidogo. Uwanja ukisema "aaah", wote wanaganda na mhogo mdomoni kusubiri redio iseme ni nani kakosa.

Akaanza kunisimulia. Alipokuwa mdogo wanakaa Keko, baba yake hakuwa na hela ya tiketi mbili, basi walikuwa wanakuja kusimama nje ya Uwanja wa Taifa wa zamani, huu wa Uhuru tunaouita Shamba la Bibi, hapohapo jirani. Huu mkubwa ulikuwa haujawazwa, umekuja kufunguliwa 2007. Baba yake anabeba redio begani, RTD hiyo, Redio Tanzania ya enzi zile, na yeye anabebwa bega la pili. Anasema mpaka leo goli kwake lina harufu ya betri zilizopashwa juani. Nimeolewa naye miaka kumi na tatu, hii habari sijawahi kuisikia. Baba mkwe alifariki kabla sijaingia kwenye ukoo huu, na huwa hamzungumzii.

Yule mzee wa mihogo akadakia, "Enzi hizo na mimi nilikuwa hapahapa." Labda kweli, labda anauza mihogo. Mume wangu alimwangalia kama ndugu.

Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Kwa hiyo mtu anaweza kusema hatukupoteza kitu, na kijana wao alisema hivyohivyo, alipotokea mapumziko anahema. Tiketi zikaingia kwenye kadi. Za mzunguko, zile za bei ya chini! Nikamuuliza VIP iko wapi, akasema imejaa. Nilitaka kuanza upya, mume akanivuta, taa ya kijani imewaka, tukaingia.

Cha pili sitakiandika kwa urefu, nina timu yangu na heshima yangu. Pacome akaweka penalti. Halafu Mzize akamaliza. Mbili bila, na ubingwa juu. Pale mzunguko hakuna kiti cha mtu, kuna umati tu. Mwenye 40 mgongoni alinyanyuliwa na watu asiowajua, wakawa wanamwimbia besdei kwa sauti ya kuimbia klabu, sijui nani aliwaambia. Mama mmoja mtu mzima, kajifunga bendera ya kijani na njano kama khanga, akanikumbatia akaniambia, "Hongera mwanangu, tumewanyoosha!" Nikasema asante mama. Ningesema nini?

Usiku, kwenye bajaji, mume ananiambia haijawahi kutokea besdei kama hii. Nikamwambia VIP ulikosa. Akasema VIP angekaa na wazee wenye suti akipiga makofi ya vidole viwili, na kwa mzee wa mihogo asingefika. Akasema nisiwaandike vibaya, ni vijana wanatafuta riziki.

Nikatulia siku mbili nikiwaza kweli niwape hata nyota tatu. Si alifurahi? Si ndicho nilicholipia? Gari lilikuja, keki ilikuja, tarehe walihamisha bila ugomvi. Nikafungua simu niwaandikie kwa upole, naomba tu tofauti ya VIP na mzunguko. Jibu: "Huduma ilishatolewa mteja wetu." Nikauliza huduma ipi, ya kusimama nje? Wakanipa ofa: punguzo la asilimia kumi nikiandaa tena sherehe nao. Nyota zikaanza kudondoka moja moja. Alichofurahia mume wangu hawakukileta wao. Kililetwa na baba yake, redio ya mzee, na mihogo ya buku mbili. Wao walileta taa nyekundu.

Wenye waume, wake au wachumba wa mpira: dabi mpelekeni, zawadi haina mfano, hata kama wewe ni mtani wake. Lakini kadi nunua mwenyewe, tiketi iingize mwenyewe kwenye kadi kwa simu yako, ujumbe wa malipo uuone kwa macho yako kabla hujavaa viatu. Akikuambia mtu "kila kitu kipo humo", mwambie akuonyeshe humo ndani kuna nini. Na mkifika mapema upande ule wa barabara, mzee yupo, karai jeusi, muulize kachumbari.

Juzi wamenitumia ujumbe. "Habari dada, tunaomba picha za siku yenu maalumu tuweke kwenye ukurasa wetu, wateja waone furaha." Ninayo moja tu niliyopiga mwenyewe: mume wangu kachuchumaa kwenye vumbi, mgongo wa 40 unaelekea kamera, mhogo mkononi, sikio kaliweka karibu kabisa na redio, nyuma yake geti limefungwa. Nikawatumia hiyo.

Tiki mbili za bluu. Mpaka leo kimya.