Gofu ya wazee: Legends Tour ya Ulaya au Champions ya Marekani?

Hizi ni ligi mbili za wacheza gofu wazee wa kulipwa. Kwenye hela hakuna cha kubishana, Marekani wanamwaga, mashindano ya kawaida tu unakuta zawadi jumla ni dola milioni 2 na zaidi, huku Legends Tour wiki nyingi hawafiki hata nusu ya hapo. Zote unaingia ukifika miaka 50. Wamarekani walianza 1980, Ulaya 1992.

Ila mimi nikiambiwa nichague ya kuangalia nachukua Ulaya, na sio kwa ubishi. Kule Marekani wiki nyingi mzee anapanda kigari mpaka kwenye mpira wake, anapiga, anapanda tena, uwanja umenyooka, jua zuri. Sasa nenda ukaangalie Senior Open, shindano kubwa la wazee, ikichezwa kwenye uwanja wa Royal Porthcawl, Wales, upepo wa bahari unakuja kwa ubavu, mpira umeenda kushoto unarudi kulia wenyewe, mtu wa miaka 56 anatembea kwa miguu siku 4 na koti la mvua. Mjerumani Bernhard Langer alishinda hapohapo 2014 kwa tofauti ya mapigo 13! Kumi na tatu jamani, huo ni uonevu.

Halafu Ulaya msimu wanaumalizia Mauritius, huku kwetu Bahari ya Hindi, muda ambao nyumbani kwao baridi inauma.

Tatizo lake Ulaya ratiba ina mapengo, unakaa wiki kadhaa hamna kitu. Hapo sasa ndio naibia kidogo ya Wamarekani.