Openpyxl ya Python, nyota nne kwa tano

Aisee hii kitu, maktaba ya lugha ya programu Python ya kusoma na kuandika mafaili ya Excel, imenipunguzia kazi sana. Faili la mauzo ya duka lina shiti 12, zamani nilikuwa nakopi seli moja moja mpaka macho yanauma, saivi naandika ws["B4"].value (ws ndiyo shiti) namba inakuja yenyewe. Ila kuna mtego, seli yenye fomula inakurudishia fomula kama ilivyo, =SUM na mabano yake, mpaka uweke data_only=True pale unapofungua faili, na hapo napo haipigi hesabu, inasoma tu jibu ambalo Excel ilisevu mara ya mwisho, so kama faili limetengenezwa na skripti na halijawahi kufunguliwa kwenye Excel unapata None, yaani hakuna kitu (mimi nilikesha na hilo, eti nalaumu code niliyoandika). Mafaili ya kizamani ya .xls haigusi kabisa, hayo tumia xlrd, maktaba nyingine ya Python. Bure lakini.