Kioo cha Saa ya Zamani: Kipi Ununue, Kipi Ukiache

Saa ya mkono ya zamani huzeeka kuanzia kioo. Mashine yaweza kuwa inatembea vizuri, akrabu zimenyooka, uso umepata ile rangi ya maziwa ya kuchemka ambayo wapenzi wa saa huililia, lakini yote hayo unayachungulia kupitia kitu kilichochubuka kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa ufukoni. Mwenye saa anaingia mtandaoni kutafuta kioo kipya, anakutana na maneno "yakuti samawi, hakikwaruziki," anaagiza, na baada ya kusubiri anapokea kioo kizuri ajabu kisichokaa mahali pake.

Hasara hiyo nimeila mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Ndiyo maana sipangi vioo kwa ugumu wake. Nauliza kwanza bodi ya saa, yaani kasha lake la nje, ilichongwa ipokee kioo cha namna gani, halafu ndipo napanga.

Kabla ya kioo, dawa ya kung'arisha

Saa nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1940 na 1970 zina kioo cha akriliki, yaani plastiki ngumu iliyo angavu. Kuitambua si kazi: gonga kwa ukucha. Akriliki hutoa mlio mzito na mfupi, kioo halisi hulia kwa sauti kali. Ukiigusisha shavuni, akriliki haina ule ubaridi wa kioo.

Kama ni akriliki, na tatizo ni mikwaruzo tu, usinunue kioo kabisa. Nunua dawa ya kung'arisha plastiki. PolyWatch ya Ujerumani ndiyo inayojulikana zaidi, na tyubu moja inahudumia saa nyingi. Zungushia utepe wa karatasi kwenye pete ya chuma inayokizunguka kioo, tia tone dogo, sugua kwa kitambaa cha pamba dakika mbili tatu, futa, rudia. Mkwaruzo unaoshika ukucha unahitaji msasa laini wa maji kwanza, namba 1000 hivi, kisha 2000, ndipo dawa. Kioo kitaonekana kimeharibika zaidi baada ya msasa, kitakuwa na ukungu mtupu, na hapo wengi hushtuka wakaacha. Endelea, dawa itauondoa. Dawa ya meno nayo hufanya kazi, ila polepole, na huacha unga mweupe kwenye ukingo ambao utautoa kwa kijiti hadi uchoke.

Ufa hauondoki kwa kusugua. Vivyo hivyo ile mistari midogo kama utando wa buibui ndani ya plastiki yenyewe, au njano iliyokolea hadi ndani. Hapo ndipo unahitaji kioo kipya.

Namba moja: akriliki mpya isiyo na jina la kampuni ya saa

Ndiyo ninayoishauri kwa saa tisa kati ya kumi za enzi hiyo. Watengenezaji kama Sternkreuz wa Ujerumani na G-S wa Rochester, Marekani, wamekuwa wakitoa vioo hivi kwa vipimo vinavyopanda kwa sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo karibu kila bodi ina kioo chake. Ni rahisi kuliko vingine vyote, kinapinda bila kuvunjika, na kikikwaruzika unarudi kwenye ile dawa ya kung'arisha.

Sehemu ya kuumiza kichwa ni kwamba akriliki ziko za aina mbili, na muuzaji hatakuuliza unataka ipi.

Ya kwanza ni kuba tupu. Ukingo wake unabanwa kwa kifaa chenye kucha nyingi zilizojipanga duara, kioo kinapungua kidogo upana, kinateleza ndani ya mfereji wa bodi, unaachia, kinajitanua na kujikaza chenyewe. Ya pili ina pete ya chuma ndani, ya rangi ya fedha au dhahabu, inayosukuma ukingo kwa nje. Hii ndiyo iliyotumika sana kwenye saa zilizokusudiwa kustahimili maji. Haipunguzwi kwa kucha kama ile ya kwanza. Inasukumwa kwa presi. Ukiikosea ukaweka kuba tupu kwenye bodi iliyotaka pete, kioo kitakaa vizuri siku ya kwanza, kisha siku moja kitabaki mfukoni mwa koti. Tazama kioo cha zamani kwa pembeni: ukiona mstari unaong'aa ukizunguka uso kwa ndani, hiyo ni pete. Rangi yake nayo iangalie, maana pete ya fedha ndani ya bodi ya dhahabu huonekana kama jino la bandia.

Kipimo ndicho kinachotoa watu jasho

Nunua kalipa ya kidijitali, kile kifaa cha kupimia upana kwa taya mbili, kabla ya kununua kioo. Rula haifai, kwa sababu tofauti ya sehemu mbili za kumi za milimita inatosha kufanya kioo kikatae kuingia au kizunguke kwa kidole.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupima kioo nilichokitoa. Akriliki husinyaa kadiri inavyozeeka, na mara nyingi ndiyo sababu kimelegea. Nilinunua kilekile kipimo cha kioo kilichosinyaa, nikapata kipya kilicholegea vilevile. Pima tundu la bodi, pale kioo kinapokalia, katika pande tatu tofauti, kisha chagua akriliki inayozidi kwa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Tundu likiwa 30.0, jaribu 30.1 na 30.2. Kwa kuwa vioo hivi si ghali, mimi huagiza vipimo viwili au vitatu vinavyofuatana, na vinavyobaki huenda kwenye kopo la akiba.

Kimo pia kina neno lake. Katikati ya uso pana mhimili unaobeba akrabu, na akrabu ya sekunde ndiyo iliyo juu kabisa. Kuba fupi mno huigusa, saa ikasimama, ukaanza kuilaumu mashine isiyo na hatia. Kwenye kioo chenye pete, angalia pia urefu wa pete yenyewe: ikiwa ndefu mno hukandamiza uso au kufunika alama za dakika.

Namba mbili: kioo halisi cha kampuni

Hiki nakiweka cha pili kwa sababu moja: ni vigumu kukipata, na kikipatikana muuzaji anajua hivyo. Lakini kuna saa ambazo hazina njia nyingine. Omega Speedmaster ni mfano mzuri. Kioo chake cha akriliki, ambacho Omega hukiita Hesalite, kina alama ndogo mno ya kampuni katikati, ambayo utaiona kwa lenzi tu. Mnunuzi makini wa saa hiyo huitafuta alama hiyo kwanza. NASA iliipitisha Speedmaster kwa safari za anga mwaka 1965 ikiwa na akriliki, plastiki ambayo ikipigwa haimwagi vipande vya kioo ndani ya chombo, na hadi leo Omega inaiuza yenye Hesalite sambamba na ile ya yakuti. Rolex zenye lenzi ya kukuza tarehe nazo zinahitaji uangalifu huo, kwani lenzi ya kuiga mara nyingi haikuzi inavyotakiwa.

Saa za Seiko zina urahisi wake. Nyuma ya saa kuna namba nne, kistari, halafu nne nyingine. Nne za kwanza ni za mashine, za pili ni za bodi. Tafuta kioo kwa namba zote nane na utakuwa umepunguza kubahatisha.

Namba tatu: kioo cha madini

Kioo cha madini ni kioo chenyewe, si plastiki. Kwa saa iliyozaliwa nacho, hiki kinapanda hadi namba moja bila mjadala. Seiko nyingi za miaka ya 1970, kwa mfano, zilitoka kiwandani na Hardlex, ambacho ni kioo cha madini kilichoimarishwa. Kwa saa iliyozaliwa na akriliki, sioni faida kubwa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, akriliki iko karibu na 3 na kioo cha madini kati ya 5 na 6, ila chembe za mchanga zilizomo kwenye vumbi ni 7. Kwa hiyo kinakwaruzika pia, polepole zaidi, na kikikwaruzika kukisafisha ni kazi ya muda mrefu na unga wa almasi.

Kuna na namna ya kukaa. Kioo cha madini hakipindi, kwa hiyo lazima kishikwe na mpira mwembamba, na pete ya chuma, au gundi. Ukipima, kumbuka kutoa nafasi ya huo mpira.

Namba nne: yakuti samawi

Yakuti inayotengenezwa kiwandani, kwa njia iliyotokana na kazi ya Mfaransa Auguste Verneuil aliyoitangaza mwaka 1902, ni kitu cha kuheshimika: ugumu 9, almasi tu ndiyo iliyo juu yake kwenye mizani hiyo. Kwa saa mpya, sina neno. Kwa saa ya mwaka 1958 ninalo.

Yakuti hurudisha mwanga karibu mara mbili ya akriliki, takriban asilimia 8 kwa kila upande dhidi ya 4. Bila mpako wa kuzuia mng'ao, uso uliokuwa ukisomeka kwa ulaini sasa unakuonyesha taa ya dari. Ukingo wake ni mkali na umenyooka, hauna ule mviringo wa maji ambao akriliki huutupa juu ya namba. Na kwa kuwa haipindi hata kidogo, bodi iliyochongwa kwa ajili ya kuba inayojitanua haina pa kuishika isipokuwa kwa gundi. Nimeona bodi zilizochongwa upya ili yakuti iingie. Ukishaifanyia hivyo, kurudi nyuma hakuna.

Vifaa na gundi

Kifaa cha kucha kinatosha kwa kuba tupu. Cha kampuni ya Bergeon ni ghali lakini kucha zake hushuka pamoja. Kwenye vile vya bei ya chini zaidi kucha moja hutangulia, ikachimba plastiki. Kwa kioo chenye pete au cha bapa, chukua presi ya skrubu badala ya ile ya mkono wa kukandamiza, kwa sababu skrubu hukuruhusu kusikia kioo kinavyoingia na kusimama kabla ya mlio wa kuvunjika. Kikombe cha presi kiguse ukingo, kamwe kisikandamize katikati.

Gundi ya haraka ile ya kushika papo hapo iache kabisa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe ndani ya kioo na juu ya uso, na huo hautoki. Tumia gundi ya G-S yenye mdomo wa sindano, au ile inayokauka kwa mwanga wa urujuanimno, uzi mwembamba tu.

Saa isiyo na mshono nyuma hufunguliwa kwa mbele. Kioo chake hutolewa kwa hewa: ukishaondoa kifundo cha kutilia ufunguo, unaweka bomba la sindano lisilo na sindano kwenye tundu lake na kusukuma, na kioo huruka. Funika kwa kitambaa kwanza.

Ila kabla ya kupuliza chochote, tazama rangi inayowaka gizani. Saa za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi zilipakwa radi (radiamu), elementi yenye mnururisho ambayo huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kutowaka tena si dalili ya usalama, kwani kilichokufa ni unga uliokuwa ukimulika, radi yenyewe ipo. Rangi iliyogeuka kahawia na kupukutika chini ya kioo ni vumbi usilotaka kulivuta. Saa kama hiyo mpelekee fundi saa anayejua, kioo ukiwa umekinunua wewe. Herufi T chini ya namba 6, kandokando ya neno Swiss, humaanisha triti, elementi nyingine yenye mnururisho, ambayo si ya kuogopesha kiasi hicho.

Siku ya kukaza kioo kipya, nawa mikono, zima feni, na usitumie kitambaa kwa ndani. Toa vumbi kwa kipuliza cha mpira, tazama uso kwa pembeni chini ya taa, toa tena. Kisha geuza bodi juu chini na ukazie kioo kutokea chini, chembe zikidondoka zidondokee mezani.